Je, joto la hewa linaweza kuendesha mota?

SWALI: Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Nimesoma kwamba ndani ya seli za mwili mna mota zinazotumia mitikisiko ya joto isiyo na mwelekeo. Kwa nini basi tusiunde gurudumu la meno, dogo kabisa, likazungushwa na joto la hewa bila mafuta?

JIBU: Ndugu fundi, gurudumu hilo halitazunguka, na sababu yake unaishika kila siku. Katika kitovu cha gurudumu la nyuma mna kikucha kinachosukumwa na springi, ambacho hupanda jino, hudondoka nyuma yake, kisha huyazuia meno yasirudi. Ndio ule mlio unaousikia baiskeli ikiteremka bila kukanyagwa. Sasa punguza vyote hadi ukubwa wa molekuli. Ili mtikisiko wa joto uweze kukiinua kikucha, springi lazima iwe dhaifu. Lakini springi dhaifu nayo hutikiswa na joto lile lile, hivyo kikucha hujiinua chenyewe ovyo, na kila kinapoinuka meno hupata nafasi ya kurudi. Maadamu joto ni sawa kila mahali, kwenda na kurudi hulingana. Mwanafizikia Smoluchowski alilibaini jambo hili mwaka 1912, na mwanafizikia mwenzake Feynman akalieleza upya katika mihadhara yake ya mwaka 1962. Ukikipoza kikucha peke yake gurudumu litazunguka, ila hapo utakuwa umeunda injini ya joto ya kawaida tu, inayoendeshwa na tofauti ya joto kati ya sehemu mbili.

Mota za mwilini zinalipia. Kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli za neva, hutembea kwa miguu miwili juu ya njia iitwayo mikrotubuli, kwa hatua za nanomita 8 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kila hatua hugharimu molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo mafuta ya seli. Mguu ulioachia hutangatanga kwa nguvu ya joto hadi uguse mahali pa kushika. ATP inaponasa katika mguu uliobaki, kiungo cha shingoni, yaani kipande kinachouunganisha mguu na mwili wa protini, hulala kuelekea mbele, na mahali pa mbele panakuwa rahisi kufikiwa kuliko pa nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwendo hutoka kwenye joto, ilhali mafuta hulipia uchaguzi wa upande. Kama ATP na mabaki yake yangefikia msawazo wa kikemia, yaani hali ambayo ATP haina tena nishati ya kulipia, kinesini ile ile, ikiwa nzima kabisa, ingerudi nyuma mara nyingi sawa na inavyokwenda mbele.