Kwa nini awamu ya nne hainipiti salama?

SWALI: Mimi ni mwendesha baiskeli wa Bukavu, na hufanya mazoezi na wenzangu katika barabara ya Kavumu. Kwa baiskeli ya kuazima yenye kipimo cha nguvu, niliweza kushikilia wati 325 kwa dakika 3, na siku nyingine wati 250 kwa dakika 12, kila mara hadi kuishiwa kabisa. Tukifanya awamu za dakika 1 kwa wati 345, kisha dakika 2 za polepole kwa wati 100, tatu za kwanza nazimudu lakini ya nne siimalizi. Kaka mmoja kundini anasema ni uvivu. Je, ni kweli?
Msomaji, Kadutu

JIBU: Ndugu yetu wa Kadutu, vipimo vyako viwili vinatosha kumjibu kaka huyo. Tangu mwaka 1965, Wafaransa Monod na Scherrer walipoeleza uhusiano kati ya kazi inayofanywa na misuli na muda inaoweza kuvumilia, wataalamu humgawa mwanamichezo katika namba mbili: kizingiti cha nguvu anachoweza kukishikilia kwa muda mrefu, na akiba ndogo inayotumika kila anapokivuka. Kwa kuwa wati moja ni jouli moja ya kazi kila sekunde, katika dakika 12 ulifanya kazi ya jouli 180,000, na katika dakika 3 jouli 58,500. Tofauti yake, ikigawanywa kwa sekunde 540, inatoa kizingiti cha wati 225. Ukitoa kazi ya kizingiti hicho katika zile dakika 3, yaani jouli 40,500, kinachobaki ni akiba ya jouli 18,000.

Kwa wati 345 unakivuka kizingiti kwa wati 120, kwa hiyo kila dakika inakula jouli 7,200. Mtu angedhani kwamba dakika 2 za polepole zinatosha kurudisha zote, na hapo ndipo wengi hukosea. Mwaka 2012 Skiba na wenzake walitoa kanuni ambayo kwayo pengo la akiba hupungua kwa uwiano, haraka mwanzoni na polepole zaidi kadiri linavyokaribia kuzibika. Kwa mapumziko yako ya wati 100, dakika 2 huziba takriban asilimia 22 tu ya pengo. Hivyo unaanza awamu ya pili na jouli 12,400, ya tatu na 8,100, na ya nne na 4,700 hivi, ambazo kwa mwendo ule zinakwisha karibu na sekunde ya 39. Uvivu haumo katika hesabu hii.

Sababu yake iko ndani ya misuli. Fosfokreatini, ile nishati ya papo hapo, hurudi upesi kwa msaada wa oksijeni, lakini mabaki mengine ya kazi nzito huchukua dakika nyingi kuondoka. Katika utafiti wa Ferguson na wenzake wa mwaka 2010, akiba iliyokwisha kabisa ilirudi kwa asilimia 37 baada ya dakika 2, asilimia 65 baada ya 6, na asilimia 86 baada ya 15. Ukirefusha mapumziko hadi dakika 4, kanuni ile ile inaonyesha kwamba utamaliza awamu ya nne ukiwa bado na jouli 2,300 hivi. Kupunguza wati za awamu pia kunasaidia, ingawa hapo unabadilisha zoezi lenyewe. Mapigo ya moyo yasikuongoze katika awamu fupi hivi, kwani hupanda kwa kuchelewa.

Kanuni hiyo ina mipaka. Inachukulia kwamba mapumziko ya kwanza na ya mwisho yana kasi moja ya kurudisha nguvu, ilhali uchovu unaporundikana kasi hiyo hupungua. Na waendeshaji wa kiwango cha juu hurudisha akiba haraka kuliko inavyokadiria. Usiazime pia kizingiti cha mtu aliyepimwa kando ya bahari, kwa kuwa hewa ya Bukavu, karibu mita 1,500 juu, hushusha nguvu hiyo. Siku utakapolirudia zoezi lile lile, andika sekunde halisi utakayoishia katika awamu ya nne: ukiipita ya 39 kwa mbali, mwili wako unajaza akiba haraka kuliko kanuni inavyosema, ukiishia mapema zaidi, rudia kwanza vipimo viwili vya mwanzo ukiwa umepumzika vizuri, kabla ya kuilaumu miguu.