Tulimfungia kaka ndani ili aache pombe, nusura tumzike

Naandika hii kwa ajili ya yule mama au dada ambaye uvumilivu umemwishia, ana mtu wake anakunywa kila siku na sasa kashaanza kuwaza kufuli. Sisi tulinunua hilo kufuli.

Kaka yangu mkubwa ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Wanaoijua kazi ya ziwani wanajua, siku za giza watu wanakesha majini na taa zao, mbalamwezi ikishatoka taa hazivuti dagaa tena kwa hiyo watu wanakaa nchi kavu, mgao umetoka, hela iko mfukoni, mwili umechoka na gongo iko hapo hapo mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Alianza hivyo, kutoa baridi anasema. Enzi za viroba ndo mambo yakazidi maana kile kipakiti anakitia mfuko wa shati anaingia nacho ziwani, na serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 mama akashukuru Mungu akajua yameisha, kumbe mwenzetu alihamia kwenye gongo moja kwa moja.

Mimi kwa kweli nilikuwa naamini anatufanyia makusudi. Nimemsema sana, mbele ya wanae, na hilo linaniuma mpaka leo. Kuna asubuhi nilimwekea chai, akashika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikawa inamwagikia vidole, ya moto kabisa, yeye anakazana tu kukifikisha mdomoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, mi siku hizi sinywi nilewe, nakunywa nitulie." Nikaona visingizio vya walevi.

Haikuwa kisingizio. Pombe inaupoza ubongo, sasa ukiipata kila siku miaka na miaka ubongo nao unajifunza kujikaza ili usizimike, ukaikata ghafla ule mkazo unabaki peke yake hauna wa kuuzuia. Ndani ya saa chache tu mikono inatetemeka, jasho, moyo unakimbia, usingizi hakuna. Siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne kuna wanaochanganyikiwa kabisa wanaona vitu ambavyo havipo, na watu wanakufa hapo. Hatukujua lolote katika haya. Tulimfungia Ijumaa jioni, maji tumemwekea, chakula tumemwekea, tukajiona tunampenda.

Jumapili alfajiri tukasikia kishindo. Tumefungua tumemkuta chini amekakamaa, miguu inatupa, povu. Jirani kaja na kijiko eti tumtie kati ya meno, jamani msifanye hivyo, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, mdomoni usiweke kitu chochote. Jirani mwingine akasema karogwa. Tukambeba kwenye bajaji mpaka hospitali ya Maweni.

Pale dokta akauliza anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Mama kwa aibu akajibu "kidogo kidogo tu" huku ananifinya mkono nisiongee. Nikaongea. Nikasema gongo, kila siku, mara ya mwisho Ijumaa. Nashukuru nilisema maana wangeanza kumtibu kifafa au malaria kali, lakini walipojua wakampa diazepam ya kuutuliza ubongo, drip na vitamini B1, wakamlaza siku kadhaa. Kwa hiyo kama mtu wako anakunywa kila siku na asubuhi anatetemeka mpaka aonje, usimkatie ghafla nyumbani, mpeleke hospitali kwanza na useme ukweli wote.

Kwa wanaotumia unga, yaani heroini, ni tofauti kidogo. Arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, inatesa vibaya mno ila yenyewe ni nadra kuua mtu mzima, hatari kubwa iko baadaye, mtu amekaa miezi hajatumia, mwili umepoteza usugu, siku akirudia kwa kipimo chake cha zamani anakata pumzi. Wao wana methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, wanakunywa kila siku mbele ya mhudumu, Muhimbili walianza 2011 na baadae huduma ikafika mikoa mingine. Mamlaka ya dawa za kulevya wana namba 119 unapiga unaelekezwa pa kwenda.

Kaka alikaa miezi minne safi, halafu mbalamwezi moja akarudi amelewa. Mama alilia kuliko hata siku ile ya hospitali. Nilimpigia nesi mmoja wa pale nikiwa na hasira, akaniuliza, mgonjwa wa sukari akipanda sukari huwa mnamfukuza? Nikanyamaza. Tukampeleka tena, na safari hii alitaka mwenyewe.

Kilichosaidia baada ya hapo ni vitu vidogo. Yeye mwenyewe alimwomba tajiri wa mtumbwi mgao wake uingie kwenye simu yangu. Mbalamwezi hashuki mwaloni, anashona nyavu hapa uani. Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 niliogopa sana, miezi mitatu mvuvi hana kazi, tukampeleka Kasulu kwa shangazi akavune maharage, akarudi amenenepa. Na mimi nimeacha kumnusa akirudi, ingawa hilo limenichukua muda mrefu kuliko yote, kuna siku bado nasimama karibu yake zaidi ya inavyotakiwa na yeye anajua, ananiambia tu, "Sijanywa, mdogo wangu," tunaenda kula.