Mbwa wa miaka 9 atafaa kulinda shamba? Niliyoyaona kwangu Dole

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza kama ni busara kumchukua mbwa wa miaka 9 kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama ili alinde shamba lako la Bumbwini, ilhali wenzako wanakwambia kuwa mbwa wa umri huo hana tena kazi. Mimi nilimchukua wa umri huohuo miaka 3 iliyopita, nikamweka shambani kwangu Dole, hapa Unguja, na sijajuta hata siku moja. Ila ni lazima ujue kwanza unamtakia kazi gani.

Ikiwa unataka wa kuwakimbiza wezi wa nazi, tafuta mbwa kijana. Mzee hulinda kwa sikio na kwa sauti. Wangu hulala chini ya mfenesi karibu na njia, na mgeni kabla hajatokeza huwa ameshabwekewa mara mbili, kwa sauti nzito, kisha mbwa hunyamaza na kusikiliza. Nyayo zangu anazijua, na za mkwezi wangu anazijua. Mbwa mdogo niliyekuwa naye zamani alikuwa akibwekea hata komba usiku kucha, mpaka ikawa hatusikii tena anapobweka kwa sababu ya maana.

Siku za mwanzo zina uzito wake. Jioni ya kwanza niliweka bakuli, akalitazama, akanitazama mimi, na hakuligusa mpaka nilipompa mgongo. Mlishe saa ileile na mahali palepale, wala usimlazimishe kukaribia, naye atakuja mwenyewe.

Kabla ya kumpokea, hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha umwombe daktari wa mifugo amtazame kinywa, kwa sababu meno mabovu humkondesha mbwa huku watu wakisema ni uzee tu. Wangu aling'olewa matatu, na haukupita muda akaanza kumaliza wali wake na dagaa. Ukungu wa buluu machoni usikutishe, kwani mbwa wengi wazee huwa nao na bado wanaona. Weupe mzito wa mtoto wa jicho ndio unaoziba.

Penye shida hasa ni viungo. Asubuhi za kipupwe wangu huinua miguu ya mbele, akasita, ndipo akaivuta ya nyuma. Nilimtengenezea kichaga cha mbao chenye magunia ili asilale juu ya saruji, na ninachunga asinenepe, kwa kuwa kila kilo ya ziada huangukia maungo hayo. Nakusihi sana, usimpe dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni au diklofenaki, kwa sababu humtoboa tumbo na kumharibu figo. Daktari wa mifugo ana dawa zake kwa maumivu hayo.

Kuhusu najisi, wengi wetu hapa ni Mashafii na wasiwasi wako ninaufahamu. Mbwa wa kulinda shamba ametajwa katika hadithi kuwa ana ruhusa, pamoja na wa mifugo na wa kuwinda. Kinachooshwa mara 7, mojawapo kwa udongo, ni kilichopatwa na mate au unyevu wake; kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Nimemtengea bakuli lake, nina ndoo ya udongo safi kando ya mfereji, na kanzu yangu ya kusalia haishuki msumarini mpaka nimeshamlisha na kujitahirisha.

Nenda kituoni jioni jua likishapoa, umwombe anayemlisha kila siku akueleze tabia yake, maana huyo ndiye anayejua kama anauma au anaogopa watoto, kisha amwinue akiwa amelala na amtembeze mbele yako, nawe utazame miguu ya nyuma.