Dokta, papi anakojoa nyuma ya kochi kila siku

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Ilazo hapa Dodoma, nimepanga, kuna geti na kiuwanja kidogo nyuma. Nina papi jike wa miezi mitatu, chotara, analala ndani maana usiku nje kuna baridi na upepo. Shida anakojoa ndani, tena palepale nyuma ya kochi, na jioni nikirudi kazini nikifungua mlango tu anakuja mbio huku mkojo unachuruzika. Dada wa kazi anamchapa ndala na kumsugua pua kwenye mkojo lakini wapi. Tunadeki na Jik kila siku. Nimrudishe nilikomtoa au atajifunza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimrudishe, huyo bado mtoto. Hesabu ya harakaharaka ni kwamba papi anabana mkojo kama saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo wako ni masaa matatu, akijitahidi sana manne, na hapo awe ametulia, akicheza hafikishi hata hilo moja.

Ndala iishe leo. Mbwa ukimchapa dakika tano baada ya kukojoa hajui kosa ni lipi, anachoshika ni kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari, ndo maana anatafuta nyuma ya kochi. Halafu mnamtoa nje anasimama anawaangalia tu, hakojoi kwa sababu mpo, mkirudi ndani anaenda zake kona ileile na nyie mnasema ana jeuri, kumbe mmemfundisha wenyewe.

Hilo la mlangoni ni kitu kingine kabisa, usilichanganye. Ile ni furaha na uoga kwa pamoja, anakusalimia kwa heshima ya kimbwa, hata hajui kama mkojo umetoka. Ukiingia usimuinamie, usimwite kwa sauti kubwa, mpite kama humuoni, nenda moja kwa moja mlango wa nyuma akufuate uani, akishakojoa ndo uchuchumae umsalimie. Wengi linaisha lenyewe wakikua, ila ukimgombeza linazidi.

Sasa Jik. Kwanza Jik ikikutana na mkojo inatoa hewa kali inayochoma macho na kifua, kwenye sebule iliyofungwa madirisha kwa ajili ya vumbi la Dodoma si salama kwenu wala kwake. Pili wewe unasikia Jik, yeye bado anasikia mkojo, maana unajificha kwenye ile mistari katikati ya tailizi na ukipata maji harufu inaamka upya. Futa kwanza kwa kitambaa kikavu, osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha pitisha siki uliyochanganya na maji nusu kwa nusu, uache pakauke. Na mkishaachana na Jik ndo mwanze siki, msichanganye hizo mbili hata kidogo. Ukipata dawa ya enzaimu ya kuondoa mkojo wa wanyama, hiyo ndo bora zaidi.

Ratiba mpe dada, maana mchana yeye ndo yupo. Papi anatolewa akiamka tu, akimaliza kula (ndani ya robo saa hivi), akimaliza kucheza, na kila baada ya masaa mawili hata kama haonyeshi dalili. Mlango uleule, kona ileile ya uwanja. Ukimwona ananusanusa chini anazunguka, usisubiri, mbebe. Usiku mtoe saa nne, tega alamu saa nane, tena saa kumi na moja. Maji usimnyime, kwa jua hili utamuumiza, chakula ndo kiwe kwa saa maalum.

Akikojoa nje mpe zawadi palepale, siyo mkishaingia ndani, akipewa jikoni anajua kalipwa kwa kuingia jikoni. Dagaa mmoja au kipande cha ini kinatosha. Naomba isiwe zabibu, najua huku kwetu zimejaa kila kona msimu ukifika na watu wanawarushia mbwa kama utani, zinaua figo za mbwa, hata chache tu, na zile kavu vilevile.

Kama chanjo hajamaliza aishie uani kwenu, asitoke getini kunusa vinyesi vya mbwa wa mtaani, parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu unaoua mapapi, inapita hapo. Na miezi mitatu ndo umri wa chanjo ya kichaa cha mbwa, usiache.

Mkienda hivyo wiki mbili tatu utaona tofauti. Ila akiwa anakojoa matone matone kila baada ya muda mfupi, anajikamua, au ukaona damu, hiyo siyo tabia tena, majike wanapata sana maambukizi ya njia ya mkojo. Kinga mkojo wa asubuhi kwenye kichupa kisafi, mlete siku hiyohiyo.