Mashine ya Zamani, Programu Gani? Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nina kompyuta mpakato aina ya IBM ThinkPad T42. Prosesa ni Pentium M ya 1.7 GHz, RAM MB 512, diski GB 40, na Windows XP iliyokuja nayo. Kibodi yake bado ni tamu kuliko ya kompyuta yoyote niliyowahi kugusa, ndiyo maana sitaki kuitupa. Nilijaribu kuiwekea Linux Mint ya sasa. Flashi ilianza kuwaka, kisha kioo kikaandika kwamba keneli (kiini cha mfumo) inataka prosesa ya x86-64, yaani ya biti 64, lakini imeona i686, ya biti 32. Fundi ananishauri anipigie Windows 7. Kazi zangu ni kuandika, kusoma PDF, barua pepe na kuperuzi kidogo. Nifuate lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikubali Windows 7. Inataka RAM isiyopungua GB 1 hata kwa toleo la biti 32, na masasisho yake ya usalama yalikoma tarehe 14 Januari 2020. Utapata mashine nzito kuliko XP na isiyo salama mtandaoni.

Ujumbe ulioona kwenye kioo ndio mwanzo mzuri wa kuchagua. Wengi huangalia RAM kwanza, na hapo ndipo wanapopotea. RAM huongezwa na diski hubadilishwa, lakini maagizo ambayo prosesa inayajua ni yale yale iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo iwashe kwa Linux ya biti 32 kutoka kwenye flashi, fungua terminali, uandike:

grep -m1 flags /proc/cpuinfo

Utaona mstari mrefu wa vifupisho. Tafuta vinne tu. "lm" maana yake prosesa ni ya biti 64. "pae" hudaiwa na keneli nyingi za biti 32. "sse2", kundi la maagizo ya ziada ya prosesa, hudaiwa na Firefox. "pni" ndilo jina ambalo Linux hulitumia kwa SSE3, na wengi hawalitambui kwa sababu wanatafuta neno "sse3" lenyewe.

Pentium M ya T42 haina lm wala pni, ila sse2 inayo. Tayari mengi yameshachujika. Mint inayojengwa juu ya Ubuntu iliishia toleo la 19.3 kwa biti 32, kwa hiyo matoleo mapya hayatawaka kamwe. Chrome na Chromium nazo zinadai SSE3 tangu toleo la 89 la mwaka 2021, basi hizo zisahau. Firefox inabaki. Kuhusu pae kuna jambo la kushangaza kidogo: Pentium M nyingi za kundi lako zina uwezo huo lakini hazijitangazi, hivyo keneli inayoitafuta alama hiyo hukataa kuwaka. Baadhi ya mifumo hukuruhusu kuongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia. Afadhali uchague mfumo usioidai kabisa, kwa kuwa faida kubwa ya PAE ni kufikia RAM inayozidi GB 4, na T42 hupokea GB 2 tu.

Pendekezo letu ni antiX 23, Linux nyepesi, toleo la biti 32. Imejengwa juu ya Debian 12, keneli yake ya biti 32 haidai PAE, na hutumia IceWM, kidhibiti chepesi cha madirisha, badala ya eneokazi (desktop) zito. Ukipenda Debian yenyewe, chukua 12 na wala si 13, maana Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha i386, yaani cha biti 32. Kwenye Debian 12 keneli yako ni ile inayoishia na 686, si 686-pae, na eneokazi liwe LXDE au IceWM. GNOME itaisimamisha mashine hiyo hata kabla hujafungua programu.

Kabla ya kusakinisha, tafuta RAM. Unahitaji DDR SO-DIMM ya PC2700 yenye pini 200, vipande viwili vya GB 1. PC3200 nayo hukubali, ila itakwenda kwa kasi ya PC2700. Uwe makini dukani: DDR2 ya mpakato nayo ina pini 200 na kwa macho inafanana sana, tofauti ni kwamba pengo lake limesogea kidogo. Kipande kikikataa kuingia kwa nguvu ya kidole, kitoe ukiangalie upya. Ukikilazimisha utavunja soketi, na hiyo imeungwa kwenye ubao mkuu.

Diski ya T42 ni IDE ya inchi 2.5 yenye pini 44. SSD mpya za SATA haziingii. Kinachofanya kazi vizuri ni adapta ya pini 44 inayobeba SSD ndogo ya mSATA, ya GB 32 hadi 120. Kasi ya waya wa IDE haivuki MB 100 kwa sekunde, kwa hiyo SSD ya bei ya chini inatosha. Unachonunua hapo si kasi ya kunakili mafaili makubwa bali kule kufika papo hapo kwenye vipande vidogo, na programu zitafunguka haraka kwa namna utakayoiona siku hiyo hiyo.

Sasa kusakinisha. Pakua faili la antiX ambalo jina lake lina 386 na full, kisha ulinganishe namba yake ya sha256 (alama ya kuthibitisha kuwa faili ni zima) na ile ya kwenye tovuti, kwa maana faili lililokatika njiani ndilo chanzo cha makosa mengi ambayo hulaumiwa mashine. Ukiliandika kwenye flashi kwa Rufus, chagua hali ya DD. Washa T42 huku ukibonyeza F12, chagua flashi. Mfumo utawaka bila kugusa diski. Jina ni demo na nywila ni demo, ya root ni root. Kaa nao saa nzima hivyo hivyo: jaribu sauti, WiFi, kufunga na kufungua kifuniko. Ukiridhika ndipo uusakinishe. Tenga angalau GB 7 kwa mfumo, na GB 2 za swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM.

WiFi huwasumbua wengi. T42 nyingi zina kadi ya Intel PRO/Wireless 2200BG. Hiyo husikia 2.4 GHz tu na haijui WPA3, ulinzi mpya wa WiFi. Ukiwasha hotspoti ya simu mpya ikawa kwenye 5 GHz, jina la mtandao halitaonekana kabisa, na utadhani kadi imekufa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, weka 2.4 GHz na WPA2. Kwenye Debian kadi hiyo inahitaji kifurushi firmware-ipw2x00. Ukifikiria kubadilisha kadi, jua kwamba BIOS ya T42 (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka ya nje ya orodha, mashine itasimama kwenye kosa 1802 na haitaendelea.

Kwa kazi zako weka AbiWord ya kuandikia, Gnumeric ya mahesabu, MuPDF ya kusomea na Claws Mail ya barua pepe. LibreOffice itafunguka ukiwa na GB 2, ila iweke kwa ajili ya mafaili ya docx yenye majedwali mengi tu. Kivinjari kiwe Firefox ESR, toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu, yenye kizuia matangazo cha uBlock Origin, na kurasa mbili au tatu kwa wakati mmoja. Kwa kurasa za maandishi matupu NetSurf ni nyepesi mno. Video usiitazame ndani ya kivinjari: tumia kichezaji cha mpv, uchague picha ya 360p ya H.264.

Hapo kwenye kivinjari ndipo ulipo ukomo halisi wa mashine yako. Mozilla iliacha kutengeneza Firefox ya Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144, mwaka 2025, ikabakiza tawi la ESR 140 kwa ahadi ya kulihudumia angalau hadi Septemba 2026. Baada ya hapo T42 itaendelea kuwa mashine nzuri ya kuandikia, lakini usiingize humo nywila ya benki.

Windows XP ina kazi moja tu iliyobaki: programu au michezo ya enzi zake, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa. Kwa T42 kuisakinisha upya ni rahisi kwa sababu diski ni IDE. Mwenye ThinkPad T60, ambayo diski yake ni ya SATA, akikutana na kioo cha bluu chenye 0x0000007B aingie BIOS abadilishe hali ya diski kutoka AHCI iwe Compatibility.

Mawili ya mwisho. Saa ikirudi nyuma kila unapozima, betri ndogo ya ubao imekwisha; ni CR2032 yenye waya na plagi. Ibadilishe mapema, kwa kuwa tarehe ikiwa ya miaka iliyopita kila tovuti ya https itakataa kufunguka, na watu hubadilisha vivinjari vinne kabla ya kuangalia saa. Na unapoinyanyua T42, tumia mikono miwili. Kuishika kona moja ya mbele hupinda ubao, risasi ya kulehemu iliyo chini ya chipu ya picha hupasuka, na hakuna programu itakayoliponya hilo.

SWALI: Ofisini tuna Toshiba ya mwishoni mwa miaka ya 1990, Windows 98 SE, diski GB 6 ambayo imeanza kugonga. Kazi yake ni moja: programu ya DOS ya kupangia masafa ya redio zetu za upepo kupitia tundu la siriali. Kijana wetu wa kompyuta anataka kuweka Linux, au kuhamishia programu kwenye laptop mpya kwa waya wa USB. Mnasemaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mwambieni asubiri. Programu ya aina hiyo huzungumza moja kwa moja na chipu ya siriali kwenye anwani 3F8h na IRQ 4 (njia ambayo chipu huita prosesa). Waya wa USB hauna anwani hiyo, ndiyo maana programu haitauona. Pia programu nyingi za DOS hupima muda kwa kuhesabu mizunguko ya prosesa. Zilizoandikwa kwa Turbo Pascal huanguka na Runtime error 200 kwenye mashine yenye kasi. Uzee wa Toshiba yenu ndio unaoifanya ifae.

Kinachokufa ni diski, na kugonga ni ishara ya siku chache. Acheni kuiwasha. Itoeni, iunganisheni kwa adapta ya IDE ya USB kwenye kompyuta yenye Linux, mhakikishe jina lake kwa lsblk, kisha mnakili diski nzima:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb redio.img redio.map

Mkibadilisha sdb kwa herufi iliyo sahihi kwenu. Hifadhini nakala hiyo ya diski, redio.img, mahali pawili. Halafu iandikeni kwenye kadi ya CF (CompactFlash) ya GB 8 yenye adapta ya pini 44. Msinunue kubwa zaidi, kwani BIOS nyingi za wakati ule hazivuki GB 8.4. Ikiwaka na kusema mfumo haupo, BIOS imehesabu vipimo vya kadi tofauti na vya diski: washeni kwa flopi ya Windows 98, mwandike fdisk /mbr kisha sys c:

Programu iendesheni baada ya kuchagua kuanza upya katika hali ya MS-DOS, si ndani ya dirisha la Windows. Na RAM isizidi MB 512, Windows 98 hupata kiwewe juu ya hapo.

SWALI: Laptop yangu ni ya Core 2 Duo, RAM GB 4. Windows 10 imeisha muda, na fundi amesema atanipigia Windows 11 "kwa ujanja". Inawezekana?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Toleo la 24H2 la Windows 11 linadai maagizo ya prosesa ya POPCNT na SSE4.2. Core 2 Duo haina, na hakuna ujanja wa kuyaongeza: haitawaka. Toleo la zamani, 23H2, huweza kulazimishwa, lakini masasisho yake kwa Home na Pro yalikoma Novemba 2025, hivyo utalipa fundi kwa kitu kilichokwisha. Weka SSD ya SATA ya GB 120, kisha Linux Mint 22 yenye Xfce. Prosesa yako ni ya biti 64 na ina SSE3, kwa hiyo Firefox na Chrome zote zitakubali.