Kompyuta haiwaki tangu umeme urudi
Ndugu yangu wa Moshi, kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla mara nyingi huwa imeunguza pawasaplai, yaani kile kisanduku cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani uifae kompyuta. Chomoa waya wa ukutani, tenganisha plagi zote za pawasaplai zilizo ndani, kisha kwa kipande cha waya unganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi katika plagi yake kubwa ya pini 24, ndipo urudishe waya wa ukutani na kuwasha. Feni ya pawasaplai isipozunguka, yaelekea pawasaplai imekufa. Usiifungue kamwe, kwani kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji. Ukinunua mpya dukani usihadaike na wati zilizoandikwa kwenye boksi: soma kwenye lebo ampea za volti 12, ambako prosesa na kadi ya picha hupata nguvu zao. Nyaya za ndani za kuchomeka za pawasaplai ya zamani usizihamishie kwenye mpya, hata zikiingia.