Barua kwa mwanangu: unasali na bado hulali

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: "Mama, kila usiku namwomba Mungu kuhusu mkataba wa kazi unaoisha, lakini nikisema amina wasiwasi uko palepale. Ina maana simwamini?"

Hapana, mwanangu. Tazama kwanza unavyosali. Aliyelemewa hupiga magoti akaisimulia hofu yake mwanzo hadi mwisho: nikikosa kazi, kodi je, ada je. Anainuka amechoka zaidi, kwa kuwa muda wote amezungumza na hofu, wala hajamwomba Mungu kitu.

Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Katika miwili ya kwanza Daudi analalamika, "hata lini" mara nne. Wa tatu na wa nne anaomba: uangalie, unijibu, unitie nuru machoni. Miwili ya mwisho anasema amezitumainia fadhili za Bwana, naye atamwimbia. Soma tena polepole, hutaona mahali panaposema adui anayemlalamikia ameondoka. Adui bado yupo, na Daudi ametulia.

Fuata njia hiyohiyo. Kaa kwenye kiti, kabla hujapanda kitandani. Lalamika kwa sauti, dakika mbili tatu zinatosha. Kisha omba jambo lenye jina: "Bwana, mkataba unaisha mwisho wa mwezi, naomba uongezwe, usipoongezwa, nipatie kodi." Halafu shukuru kwa vitu vitatu vya siku hiyo. Wafilipi 4:6 inaweka shukrani ndani ya ombi lenyewe, kabla jibu halijaja, na Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni.

Ukimaliza, chukua karatasi uigawe kwa mstari katikati. Kushoto andika ya kwako ya kesho: kumwona meneja, kutuma maombi kwingine, kuzungumza na mwenye nyumba mapema. Kulia andika yasiyo mikononi mwako, kama uamuzi wa mwajiri. Upande wa kulia ndio wa kumtwika Mungu, kama 1 Petro 5:7 inavyosema. Wengi hugeuza: humwachia Mungu barua ya maombi ya kazi, wao wakakesha wakijaribu kuuongoza moyo wa mwajiri.

Saa nane usiku wasiwasi utarudi. Usianze maombi upya, maana ndipo usingizi unapopotea. Sema tu, "Hili nimeshakukabidhi, Bwana," kisha Zaburi 4:8: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Wasiwasi ukirudi tena, sema tena. Kurudia si kukosa imani. Gethsemane Yesu mwenyewe aliomba mara tatu, kwa maneno yaleyale.

Usimwekee Mungu nadhiri za kubadilishana, "ukinipa kazi nitakupa hiki." Utaishi ukihesabu madeni. Na mtu akikuuzia mafuta au maji ya amani, au akataka fedha ndipo akuombee, ondoka. Neema haina bei.

Mwili nao usiusahau. Eliya, katika 1 Wafalme 19, alilala chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ale: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu aliisikia baadaye, kule mlima Horebu. Basi kula chakula cha jioni, acha kahawa baada ya mchana, na simu ilale chumba kingine.

Wiki mbili zikipita hulali, au ukianza kuona heri usingekuwepo, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie mchungaji wako pia. Daktari akikupa dawa, usiziache kwa sababu umeombewa.

Kesho anza na meneja. Jumapili baada ya ibada nipigie, unieleze amesemaje.

Mama yako